Mbu Mmoja Aondokapo, Mwingine Huchukua Nafasi

Katikati ya miaka ya 1950, nyumba za vijiji vya Pare, jirani na Korogwe, na vya Taveta nchini Kenya zilinyunyiziwa dawa ya dieldrini. Anopheles funestus, mbu apendaye kumuuma binadamu ndani ya nyumba na kutua ukutani, alitoweka. Mwaka 1960 Gillies na Smith walieleza kilichofuata: ndugu yake, Anopheles rivulorum, aliongezeka. Huyu huuma zaidi ng'ombe na hupumzika nje, hivyo dawa ya ukutani haikumfikia.

Maelezo yaliyotolewa yanatupeleka majini. Viluwiluwi vya spishi hizi mbili hukulia katika maji ya kudumu yenye majani, vikigombea chakula na nafasi. Mshindani mwenye nguvu alipoondolewa, aliyebanwa akaenea.

Kwa miaka mingi rivulorum hakuhesabiwa kuwa tishio. Lakini mwaka 1996 iliripotiwa kwamba huko Segera, wilayani Handeni, alipatikana akiwa na vimelea vya malaria ya binadamu. Uwezo wake wa kueneza ugonjwa ni mdogo kuliko wa funestus. Hata hivyo, mdogo si sawa na hakuna.

Mabadiliko mengine yaliripotiwa kaskazini-mashariki mwa Tanzania mwaka 2012: Anopheles arabiensis alikuwa amemzidi Anopheles gambiae, aliyetawala zamani. Hapa yafaa kutofautisha uwiano na idadi. Tuchukue mfano wa mbu 100, gambiae 80 na arabiensis 20. Vyandarua vikipunguza gambiae hadi 5, arabiensis watakuwa wengi ingawa hakuongezeka hata mmoja. Kwa hiyo si kila anayebaki ameshinda mashindano. Huenda amenusurika tu, kwa kuwa huuma pia mifugo na hupatikana nje. Kwa mgonjwa, mbu wote kupungua ni faida, hata kama aliyebaki ni mgumu zaidi kumdhibiti.

Sasa yupo mgeni wa kuangaliwa. Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, aligunduliwa Djibouti mwaka 2012, na mwaka 2022 akapatikana Kenya. Tofauti na mbu wetu wa malaria waliozoea madimbwi, mito na mashamba ya mpunga kama ya Mombo, yeye hustawi mijini, katika matangi na mapipa ya maji. Huko hakutani sana na wenyeji hao. Hukutana zaidi na Aedes aegypti, mwenezaji wa dengi. Akiingia, malaria yaweza kuonekana mjini hata wakati wa kiangazi.

Kwa mhudumu wa afya, somo ni kutoiondoa malaria katika fikra kwa sababu mgonjwa anatoka mjini, mvua hazijanyesha au analala ndani ya chandarua. Kila mwenye homa apimwe kabla ya kupewa dawa, na wagonjwa wakiongezeka katika msimu usiotarajiwa, taarifa ifike wilayani mapema.

Kwa familia, chandarua chenye dawa kinabaki kuwa kinga muhimu usiku. Wanaokaa nje jioni wavae nguo ndefu. Mapipa na matangi yafunikwe barabara. Homa ikianza, siku hiyohiyo mgonjwa aende akapimwe, kwani kipimo hutafuta vimelea bila kujali ni mbu gani aliyevileta.