Unapoiachia akili mnemba iandike tangazo la uji wa mtoto

Katika makundi ya WhatsApp ya mtaa, ya vikoba na hata ya wazazi wa darasa moja, matangazo ya biashara ndogo yamebadilika. Mama aliyekuwa akiandika “unga wa lishe upo, kilo Sh5,000” sasa anatuma bango la rangi, maneno yaliyopangika na picha ya mtoto mnene anayecheka. Mara nyingi bango hilo halikupita kwa fundi wa matangazo. Limetengenezwa kwenye simu, ndani ya dakika chache, kwa msaada wa akili mnemba.

Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, programu za aina hiyo zimeongezeka. Zipo Gemini na Meta AI, na zipo za kutengeneza mabango kama Canva. Nyingi zinaelewa Kiswahili na zinaanza kutumika bila malipo. Kwa mzazi anayefunga unga usiku watoto wakishalala, ni msaada wa kweli. Anapata maneno ya tangazo, majibu ya wateja na hata jina la bidhaa bila kumlipa mtu.

Tatizo linaanza pale bidhaa inapokuwa kitu cha kuingia tumboni mwa mtoto.

Kwa nini inatia chumvi

Programu hizi zimefundishwa kwa maandishi mengi mno, yakiwamo matangazo ya biashara. Ukiiomba ikuandikie tangazo, inapanga maneno yanayofanana na yale iliyojifunza. Haijauona unga wako, haijui ulisagwa lini, na haijui kama soya ilikaangwa kabla ya kusagwa. Ukiipa maelezo machache, inajaza pengo yenyewe.

Ndiyo maana ombi la mstari mmoja, “niandikie tangazo la unga wa lishe wa watoto”, linaweza kurudi na ahadi nzito: unaongeza uzito haraka, unakuza akili, unazuia magonjwa, umethibitishwa na wataalamu. Kiswahili kinakuwa safi kiasi kwamba muuzaji anatuma bila kusoma mara ya pili. Mama wa mtoto wa miezi minne anayepokea ujumbe huo hajui kwamba aliyeandika ni programu.

Madai ya kufuta

Dai la kwanza ni lile linaloufanya uji uonekane mbadala wa maziwa ya mama. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Tangu mwaka 1981 ipo kanuni ya kimataifa inayodhibiti utangazaji wa vyakula vinavyouzwa kama mbadala wa maziwa ya mama, na Tanzania nayo ina kanuni zake. Tangazo linalosema uji unafaa “tangu kuzaliwa” au “kuanzia miezi mitatu” halipaswi kutoka.

La pili ni kutibu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hutibiwa katika kituo cha afya, kwa maziwa na vyakula maalumu vinavyotolewa kwa vipimo. Mzazi aliyeamini kwamba unga “unaondoa utapiamlo” anaweza kukaa nyumbani wiki kadhaa akimpikia uji mtoto aliyevimba miguu, wakati alitakiwa kumuwahisha hospitali.

La tatu ni “asilia, hivyo ni salama kwa mtoto yeyote”. Asali ni ya asili, lakini haifai kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzimudu, ila kwenye utumbo wa mtoto mchanga huweza kuota na kutoa sumu inayolegeza misuli, ikiwamo ya kupumulia. Karanga na soya nazo huwaletea baadhi ya watoto mzio, kwa hiyo lazima zitajwe.

La nne ni “salama kwa asilimia 100”. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya hupata sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Huwezi kuitambua kwa kuonja, na programu ya simu haiwezi kuithibitishia nafaka yako. Hilo ni suala la kukausha na kuhifadhi vizuri, na la maabara.

Ushuhuda wa watu wasiokuwapo

Ukiiomba programu ikuandikie maoni ya wateja, itakupa. Italeta jina la mama, mtaa anakoishi na kilo alizoongeza mwanawe, na mama huyo hayupo duniani. Kutuma maoni hayo ni kumdanganya mzazi mwenzako.

Picha ni vilevile. Mtoto aliyechorwa na kompyuta hajawahi kunywa uji wako. Alama ya TBS iliyowekwa na programu kwenye mfuko wa kuchora haina maana yoyote kama bidhaa haijathibitishwa. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS, na mjasiriamali mdogo anayetaka kuanza utaratibu wa alama ya ubora anaweza kupitia SIDO mkoani kwake.

Kwa picha halisi za watoto wa wateja, omba ruhusa ya mzazi kwanza, kwanza kabisa kabla ya kuipakia kwenye programu yoyote. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Hata mwanao mwenyewe, epuka kumweka akiwa na sare inayoonyesha shule anakosoma.

Namna ya kuitumia vizuri

Siri ni kuipa programu ukweli wote na kuiwekea mipaka. Mfano wa ombi ni huu:

“Niandikie tangazo fupi la WhatsApp kwa Kiswahili cha kawaida cha Tanzania. Bidhaa ni unga wa uji wa mahindi, ulezi, soya na karanga, kwa watoto wa kuanzia miezi 6. Kilo moja Sh5,000. Umesagwa wiki hii. Nipo Tabata, napeleka kwa bodaboda. Usitaje ugonjwa wowote. Usiseme unaongeza uzito au akili. Usiongeze jambo ambalo sijakuambia.”

Likirudi, lisome neno kwa neno. Kwa kila sentensi jiulize: mteja akiniomba nimwonyeshe ukweli wa hili, ninao? Kama huna, futa. Ukiwa na shaka juu ya neno la kiafya, muulize muuguzi wa kliniki au ofisa lishe wa halmashauri, usiiulize tena programu ileile.

Ipo pia kazi ambayo programu hizi zinaifanya bila hatari kubwa: kupanga ratiba ya matangazo ya wiki, kufupisha maelezo marefu, kuandika majibu ya bei na usafirishaji, kukokotoa gharama za mfuko mmoja.

Kwa mzazi anayenunua

Tangazo zuri siku hizi halithibitishi chochote kuhusu bidhaa. Muulize muuzaji mambo manne: kuna nini ndani, umesagwa lini, soya imekaangwa, na nafaka ilihifadhiwaje. Anayeijua kazi yake atajibu bila kusita.

Kuhusu kama uji unamfaa mtoto, angalia kadi ya kliniki. Mpeleke akapimwe uzito kila mwezi, na mstari wake ukisimama au kushuka, usisubiri kilo nyingine ya unga iletwe. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.