Babu hakutoroka: Hitima iliyochelewa miaka 80

Na Mwandishi Wetu, London

Katika ukoo wetu kule Tabora lipo jina moja ambalo kwa miaka 80 hakuna mtoto aliyepewa. Ni jina la kaka yake bibi yangu mzaa baba, kijana aliyeandikishwa jeshi mwaka 1942, akapanda gari moshi pamoja na wenzake na hakuonekana tena.

Vita vilipomalizika mwaka 1945 wenzake walirudi na makoti yao ya kijeshi na hadithi za Burma. Yeye hakurudi. Haukupita muda ikazuka habari, wala hakuna anayejua ilianzia kwa nani, kwamba yuko Ceylon, kisiwa ambacho leo kinaitwa Sri Lanka, ameoa huko na amewasahau wazazi wake. Mkewe alingoja, akachoka, akaolewa na mtu mwingine. Mama yake alifariki akiamini kuwa amezaa mtoro. Hitima hakusomewa, maana aliye hai hasomewi hitima.

Ndugu msomaji, makala haya ni habari ya jinsi tulivyomtafuta babu huyo, na namna ambavyo wewe nawe unaweza kumtafuta wa kwenu. Jina lake sitalitaja, kwa ombi la shangazi yangu.

Kew na penseli

Nilianza pale ambapo kila mtu hapa Uingereza hukuelekeza, yaani kwenye jengo la Nyaraka za Taifa lililoko Kew, magharibi mwa London. Kadi ya msomaji hutolewa bure. Unapeleka vitambulisho viwili, mkoba unauacha kwenye kabati, na chumbani unaingia na penseli tu, kwani kalamu ya wino ni marufuku.

Kitambulisho nilichotoa mimi ni hati ya kusafiria ya mkimbizi, ile inayokuruhusu kwenda nchi zote isipokuwa ile uliyoikimbia. Karani aliitazama, akanirudishia, akanipa kadi. Nilikaa nikiwaza. Dola iliyomchukua babu ndiyo iliyonipa kiti nisome habari zake. Nyumbani, ambako bado yupo mtu wa kumuuliza, siwezi kwenda. Kwa nini siwezi ni habari ya siku nyingine.

Siku mbili za kwanza zilipotea bure. Nilidhani nitaletewa faili lenye jina la babu, picha yake na alama ya kidole gumba. La hasha. Mafaili ya askari wa kawaida wa Kiafrika hayakuwekwa Kew, kwa sababu waliandikishwa na serikali za makoloni na karatasi zao zilibaki huko. Kilichopo Kew ni shajara za vita, yaani daftari ambamo kila kikosi kiliandika mambo ya kila siku. Zile za vikosi vilivyokuwa Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati zimo katika fungu liitwalo WO 169, na zile za Asia ya Kusini-Mashariki, ikiwamo Burma, zimo katika WO 172.

Ndani ya shajara hizo utakuta mvua, matope, mito iliyovukwa na malori yaliyokwama. Maofisa wa Kizungu wanatajwa kwa majina. Askari wa Kiafrika mara nyingi ni hesabu tu: wangapi wameumia, wangapi wamelazwa, wangapi wamekufa. Kwa hiyo shajara humfaa mtu ambaye tayari anakijua kikosi cha mzee wake.

Mimi nilidhani ninakijua. Kwetu kila mtu husema wazee walikuwa "Keya", yaani King's African Rifles. Vikosi vya 26 na 36 vya Keya vilitoka Tanganyika, vikapigana katika bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 chini ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Nikazama humo wiki nzima. Kisha nikampigia simu shangazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umempata?"

Nikamweleza kuhusu Keya. Akacheka.

"Keya gani tena? Mama alikuwa akisema kaka yake ni mtu wa mizinga. Alipokuja likizo alijisifu kijiji kizima, kwamba bunduki ni za watoto."

Neno moja, mizinga, likanipeleka mahali pengine kabisa.

Meli iliyotoka Mombasa

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Mombasa kwenda Colombo, Ceylon. Mojawapo ilikuwa Khedive Ismail, iliyobeba watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Kikosi cha Mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, karibu watu 1,000, askari wa Kiafrika pamoja na maofisa wao.

Jumamosi tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliipiga meli hiyo kwa topido. Ilizama katika muda usiozidi dakika mbili. Walioko madaraja ya chini hawakupata nafasi hata ya kufika kwenye ngazi. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, ziliiwinda nyambizi hiyo na kuizamisha, lakini mabomu ya majini yaliyotumika yaliwaua pia baadhi ya watu waliokuwa wakielea wakingoja kuokolewa. Watu waliokufa siku ile walikuwa 1,297. Waliookolewa walizidi kidogo 200.

Ni mojawapo ya misiba mikubwa ya baharini kuwakumba watu wa Afrika Mashariki, na wengi wetu tumesoma shule mpaka vyuo vikuu bila kuisikia. Wakati wa vita habari za meli kuzama zilifichwa ili adui asifaidike nazo. Kama boma la Tabora liliarifiwa baadaye, nyumbani kwetu hakufika mtu.

Majina mawili, namba moja

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha kwenye intaneti ambayo yeyote anaweza kuitafuta bila malipo. Kwanza nilitafuta kwa jina, nikaambulia patupu. Makarani wa jeshi waliandika walivyosikia. Athumani anaweza kuwa Asumani au Osman, Ramadhani akawa Ramazani. Jina la baba likafanywa jina la ukoo, au kinyume chake, na "bin" ikawekwa au ikaachwa.

Nikaacha jina, nikatafuta kwa tarehe na kikosi: 12 Februari 1944, mizinga ya Afrika Mashariki. Nikasoma majina moja baada ya jingine mpaka usiku wa manane. Nikamwona, herufi mbili zimekosewa. Lakini alikuwapo mwingine mwenye majina yaleyale, wa kikosi kingine, aliyefariki mwaka 1945. Hakuna kijiji kilichotajwa, wala mzazi, wala umri. Kila mmoja ana namba yake tu.

Nikapiga simu tena. Shangazi akakumbuka kuna kopo la bati alilorithi kwa mama yake. Ndani yake mlikuwa na kijikaratasi cha fedha ambazo babu alikatwa kwenye mshahara apelekewe mama yake kupitia boma. Binamu yangu akakipiga picha kwa simu, akanitumia. Mchwa walikwisha kula pembe moja na kuondoka na tarakimu ya kwanza ya namba ya askari. Zilizobaki nne zililingana na za yule wa meli. Za yule mwingine hazikulingana hata moja.

Nikamweleza shangazi ukweli wote, pamoja na tarakimu iliyoliwa. Kazi yangu imenifundisha kutosema nina hakika ya mia kwa mia wakati sina. Akanyamaza kidogo.

"Alikuwa anakwenda wapi hiyo meli?"

"Ceylon, shangazi."

"Basi kumbe hakufika."

Hitima ilisomwa Februari 2024, miaka 80 baada ya meli kuzama. Mimi nilisikiliza kwa simu nikiwa jikoni kwangu London. Jamaa yetu aishiye Nairobi alikwenda kwenye Makaburi ya Vita yaliyoko Barabara ya Ngong, mahali ilipo Kumbukumbu ya Afrika Mashariki yenye majina ya askari wasio na kaburi linalojulikana. Alitutumia picha ya jina lile, na zile herufi mbili zilizokosewa.

Wasiokuwa hata na namba

Babu yetu alibahatika kuandikwa. Wa Vita vya Kwanza wengi hawakubahatika. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza walikufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na malaria. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebeba jina la kikosi chao, Carrier Corps, lakini majina ya wengi wao hayakuchongwa popote. Aprili 2021 ripoti iliyotolewa na Tume hiyohiyo ya Makaburi ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni. Radhi ni jambo jema, lakini haimtajii mtu jina la babu yake.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Usianzie Kew wala kwenye intaneti. Anzia kwa mzee aliyebaki. Muulize babu alikuwa kikosi gani, alisafiri na nani, alirudi na nini. Omba kufungua sanduku na kopo. Nishani ya Vita vya Kwanza huwa na namba na jina la askari pembeni, zigeuze mtazame. Zile za Uingereza za Vita vya Pili kwa kawaida hazikuandikwa jina, hivyo karatasi ndiyo mkombozi. Piga picha kila kitu kabla ya mchwa. Ndipo uende kwenye orodha, utafute kwa namba, kikosi na tarehe, na majina uyajaribu kwa kila namna karani Mzungu angeweza kuyakosea.

Nyaraka zinaweza kungoja miaka mingine 80. Shangazi yangu hawezi, na wako pia hawezi. Mpigie simu leo.

Mwezi uliopita binamu yangu alipata mtoto wa kiume. Wameshampa jina.