Mnyama Kando ya Mgonjwa

Leo tuanze na jambo lililotokea hapa Igamba. Mzee mmoja alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kushoto ukalegea. Wanawe, kwa nia njema kabisa, wakauza mbuzi wake wote ili baba apumzike. Naye akapumzika kweli: akakaa kibarazani akitazama ukuta, uji ukapoa mbele yake. Baadaye mjukuu akamletea mbuzi jike mwenye mtoto. Asubuhi ya pili mzee akaomba fimbo. Hakupona, lakini alijikokota mpaka bandani, na ule mkono mlegevu akaulazimisha kushika majani.

Je, mbuzi yule alikuwa na dawa? La. Mgonjwa wa siku nyingi hupewa kila kitu na watu: maji, chakula, hata ruhusa ya kutoka nje. Hakuna anayemtegemea yeye. Mbuzi hulia njaa hata kama mwenyewe anaumwa, basi yampasa ainuke. Tena kumpapasa mnyama mpole huwatuliza watu wengi, na mapigo ya moyo hupungua. Wala mnyama hamcheki mtu ambaye ulimi wake umekuwa mzito.

Wengine waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1796, mjini York, Uingereza, William Tuke alifungua nyumba ya wagonjwa wa akili wasiotiwa minyororo. Uani waliwekewa sungura na kuku. Florence Nightingale naye, katika kitabu chake cha uuguzi, alisema mnyama mdogo ni mwenzi mwema wa mgonjwa, hasa aliyeugua muda mrefu.

Angalieni, sisemi kuku achukue mahali pa vidonge. Dawa ya shinikizo la damu imezwe kama daktari alivyoagiza. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kushika mnyama, na kuku wasilale chumba kimoja na mgonjwa. Mbwa achanjwe. Akimwuma mtu, osheni jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Kabla ya somo lijalo, zungumzeni katika kikundi: nyumbani kwenu mgonjwa ameondolewa kazi zipi kwa huruma? Na katika kazi za mifugo, ni ipi aweza kuifanya akiwa ameketi?