Tungamo na Uzito katika Mizani za Sokoni

Mnunuzi aingiaye soko la Kariakoo kutafuta kilo mbili za mchele aweza kupimiwa kwa mizani za namna mbalimbali. Kuna ile ya vitanga viwili: huku mchele, huku mawe ya chuma. Kuna na ile ya kuning'inizwa kwenye ndoano, ambayo ndani yake mna springi, na mshale wake huzunguka juu ya tarakimu. Zote husomwa kwa kilo, naye mnunuzi hulipa bila kuuliza. Hata hivyo, mizani hizo mbili hazipimi kitu kimoja.

Waingereza wana maneno mawili hapa, "mass" na "weight", nao wenyewe huyachanganya kila siku. Muuza nyama wa London hutamka la pili hali akikusudia la kwanza. Asili za maneno hayo zimeachana mno. La kwanza lilipitia Kilatini kutoka neno la Kiyunani lenye maana ya donge la unga wa shayiri. La pili latokana na kitenzi cha kale cha kubeba. Donge na mzigo: nadhani tofauti yenyewe imekwisha kuelezwa. Kwetu sokoni neno "uzito" hubeba maana zote mbili, ndiyo sababu wataalamu wa istilahi wakatuletea "tungamo" kwa lile donge.

Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu, nalo halibadiliki kitu kinapohamishwa. Uzito ni kani, yaani nguvu ambayo Dunia hukivutia kitu hicho, na kipimo chake ni nyutoni. Mwaka 1901 Mkutano Mkuu wa Mizani na Vipimo ulitamka wazi kwamba kilogramu ni kipimo cha tungamo.

Nguvu hiyo ya Dunia haiko sawa kila mahali. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alichukua saa yenye timazi kutoka Paris hadi Cayenne, mji ulio karibu na ikweta kama ulivyo Dar es Salaam. Saa ikawa inachelewa takriban dakika mbili na nusu kila siku. Newton alieleza baadaye kwamba Dunia huzunguka na imetuna kwenye ikweta. Kwa hiyo huku kwetu mvuto umepungua kidogo.

Sasa turudi sokoni. Katika mizani ya vitanga, mvuto ukipungua hupungua pande zote mbili sawasawa. Mchele na mawe vitalingana hata Mwezini, ambako mvuto ni kama sehemu moja ya sita tu ya huu wetu. Springi haina wa kujilinganisha naye. Mizani ya springi iliyorekebishwa London, ikiletwa Dar es Salaam bila kurekebishwa tena, itaonyesha kilo 99.7 kwa gunia la kilo 100 kamili. Anayepunjwa hapo ni muuzaji, jambo ambalo wanunuzi wengi hawatalisikitikia! Lakini sonara akipima kilo moja ya dhahabu kwa mizani ya namna hiyo, gramu tatu zitakuwa zimempotea machoni.

Kusema kweli, hatari kubwa zaidi kwa mnunuzi wa kawaida si ikweta bali ni springi iliyochoka. Springi iliyolegea hunyooka kupita kiasi, mshale husonga mbele, na kilo moja husomeka ikiwa haijatimia. Mizani za kielektroniki, zilizoenea sana siku hizi, nazo huhisi kani, ingawa huandika kilo. Kwa sababu hiyo, mizani za aina hizi mbili hazina budi kuhakikiwa mahali zinapotumika, kwa kuwekewa mawe ambayo tungamo lake linajulikana. Kazi ya uhakiki nchini ni ya Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Mnunuzi naye aweza kuanza kwa kutazama kama mshale umesimama kwenye sifuri kabla mchele haujamiminwa.