Uso uliofura na vidonge vya kukojoza

Katika nyumba nyingi hapakosi pakiti ya vidonge vidogo alivyoandikiwa babu au bibi mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu. Hizo ni dawa za kukojoza, na iliyo mashuhuri zaidi miongoni mwazo ni furosemaidi, ambayo wengi huijua kwa jina la Lasix. Hapana shaka kwamba dawa hizi zimewafaa wagonjwa wengi. Lakini yapo matumizi mengine yanayofanywa kwa siri. Binti anayeolewa wiki ijayo, au mama aliyeamka macho yamefura, hudokezwa na shoga yake kwamba kidonge kimoja tu kitaukausha uso na kuyapunguza mashavu. Na kwa kuwa mzee hukimeza kila siku bila ya kudhurika, hakuna anayeona haja ya kuuliza.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwezi Februari 2003, Kombe la Dunia la kriketi lilipokuwa likichezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Kenya, mchezaji maarufu wa Australia, Shane Warne, alirudishwa kwao siku ile ile ambayo timu yake ilicheza mechi ya kwanza, kwa kuwa alipimwa akakutwa na dawa ya kukojoza mwilini. Dawa hizo zimepigwa marufuku michezoni kwa sababu huweza kuficha dawa nyingine katika mkojo. Maelezo yake yalikuwa kwamba kidonge alipewa na mama yake mzazi, apate kuonekana vizuri. Alifungiwa kwa muda wa mwaka mmoja. Adhabu ile ni ya wanamichezo, na haituhusu hapa. La kuzingatiwa ni kuwa kidonge kilitoka mkononi mwa mama, kwa mapenzi, kama kinavyotoka katika nyumba zetu.

Basi ni kipi kinachofanyika ndani ya mwili? Figo za mtu mzima huchuja kutoka katika damu kiasi cha lita 180 za maji kila siku, kisha huyarudisha karibu yote, zikaacha lita moja au mbili tu zitoke zikiwa mkojo. Furosemaidi huzuia chumvi isirudishwe, na chumvi inapotoka maji huifuata. Haipiti saa moja ila mtu huanza kwenda haja ndogo mara kwa mara, na hali hiyo huendelea kwa muda wa saa sita hivi. Dawa haina njia ya kuchagua maji ya usoni ikayaacha ya kwingineko. Maji hupungua kwanza katika damu yenyewe, ndipo mtu huona kizunguzungu anapoinuka na moyo ukamwenda mbio. Tumfikirie bibi harusi ambaye tangu asubuhi hakula chochote, naye amevaa nguo nzito katika ukumbi wenye joto.

Pamoja na maji hutoka madini ya potasiamu, ambayo misuli haifanyi kazi bila ya hayo. Na moyo nao ni msuli. Upungufu mdogo huleta uchovu na kukakamaa kwa misuli. Ukizidi, mapigo ya moyo huvurugika, na mtu aweza kufa hali hakuwa mgonjwa. Wako wanaojipa moyo kwa kula ndizi na kunywa madafu. Ni vyakula vizuri, ila kiwango cha potasiamu hujulikana kwa kupima damu, na hicho ndicho daktari anachomfanyia babu kila baada ya muda. Hatari huongezeka kwa mwenye kumeza pia diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya maumivu ya hedhi, kwani dawa hizo mbili zikikutana huweza kuzidhuru figo.

Lililo baya zaidi ni kuwa dawa hii hujitafutia mteja. Mwili unapopoteza maji hudhani umeingia katika ukame, ukatoa homoni zinazoziamuru figo kuishika chumvi kwa nguvu zote. Siku mtu anapoacha kidonge, homoni hizo bado ziko kazini, na uso hufura kuliko ulivyokuwa mwanzo. Naye husema, "Kumbe kweli nina maradhi," akarudi dukani. Mwaka 1979 daktari George MacGregor na wenzake wa London waliandika katika jarida la Lancet habari za wanawake waliovimba bila ya sababu kujulikana, nao walikuwa wakitumia dawa za kukojoza. Walipoachishwa walivimba kwanza, kisha wengi wao uvimbe ukawaondoka wenyewe katika wiki chache. Dawa waliyoiona kuwa ni tiba ndiyo iliyokuwa ikiuendeleza ugonjwa.

Ama uso wenyewe, mara nyingi hufura kwa sababu nyepesi: chakula cha chumvi nyingi usiku, usingizi mchache, kulala kifudifudi, kilio, au siku za kukaribia hedhi. Uvimbe huo hupungua kabla ya adhuhuri. Kitambaa cha maji baridi na mto wa kuinua kichwa hutosha, pamoja na kupunguza chumvi; Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na ndani yake mna ile ya ng'onda, achari na vidonge vya mchuzi.

Lakini upo uvimbe usiofaa kufichwa hata siku moja. Mtoto anayeamka macho yamefura kila siku, na mkojo wake una povu, apelekwe hospitali apimwe figo. Mjamzito aliyepita wiki 20, akivimba uso ghafla na kuumwa kichwa, apimwe shinikizo la damu siku hiyo hiyo, kwani huenda ni dalili za kuelekea kifafa cha mimba. Na mwenye kutumia vidonge vya kunenepesha, ambavyo baadhi yake vina deksamethasoni, uso wake huwa mviringo kwa mafuta. Mafuta hayatoki kwa mkojo, hata amalize pakiti nzima. Wala vidonge hivyo asiviache ghafla iwapo amevitumia kwa muda mrefu, amwone daktari.

Kwa wazee walioandikiwa dawa za kukojoza, yaliyotangulia yasiwe sababu ya kuziacha. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari wake tangu Shaabani, akiwa na vidonge vyake vyote mkononi, waangalie pamoja kama kufunga kutamwezekea, na kama dozi ya asubuhi yafaa kuhamishiwa baada ya futari. Asiimeze wakati wa daku kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani maji yatakayotoka hataweza kuyarudisha mpaka magharibi.