DVD inakataa kucheza? Mbele ya kulipa fundi, angalia hivi



Tangu tulianza kugawa DVD ya usalama ya kazi mu bakambi, bantu banaturudishia disiki mingi na neno moja tu: «Ilikufa.» Tunaipokea, tunaitia mu ordinatere ya biro yetu, na mara mingi filimu inaanza bila shida. DVD haikukufa. Shida ilikuwa ku nyumba, na hakuna mutu aliyemuonesha mwenye nyumba fasi ya kuangalia.

Haiko jambo ndogo. Ile filimu inaonesha namna ya kupima paa ya shimo mbele ya kuingia, na juu ya nini vumbi ya jiwe inaharibisha mapafu hata kama mutu hasikii maumivu leo. Tunapenda itazamwe ku nyumba, na bibi na bana, juu mama akisha kuiona, ni yeye atauliza kila asubui: «Maske yako iko wapi?» Hakuna shefu mwenye kuuliza vile kila siku.

Kuna hasara ingine tena. Ndugu mumoja wa ekipe ya usiku, DVD ilikataa, akapeleka ordinatere kwa fundi. Fundi akaiformate, ni kusema akafuta byote, akaomba franga zake. Karatasi za mushahara za miaka mingi zilikuwa mule ndani, alizipiga foto na kuzichunga. Zote zikaenda. Na DVD ikaendelea kukataa. Sasa tunamusaidia kutafuta hesabu ya dekonti yake, na vitambulisho hatuna.

Ku mine, pompe ikisimama, hatuanzi kuivunja. Tunaangalia kwanza kama umeme unafika, kisha tiyo, kisha pompe yenyewe. DVD ni vile vile.

Kwanza: mugonjwa ni nani?

Tosha ile DVD, tia ingine yenye unajua inacheza vizuri kwa jirani. Kama ile ingine inacheza, ugonjwa uko ku disiki yako. Kama zote zinakataa, ugonjwa uko ku ordinatere. Hii kazi ni ya dakika tano, na haiombi franga hata moja.

Kama ni disiki

Mu miji yetu, Kolwezi, Likasi ao Kipushi, vumbi inaingia fasi yote. Lektere, ni kusema kile kisanduku chenye kusoma disiki, inatumia mwangaza mwekundu mudogo sana. Kidole ya mafuta ao vumbi kidogo inatosha kuuziba. Chukua kitambaa laini chenye maji kidogo, pangusa kutoka katikati kwenda inje, mustari ulionyooka. Hapana kuzungusha: habari ya filimu imeandikwa kwa kuzunguka, na mukwaruzo wenye kufuata ule muzunguko ni mubaya kupita wenye kuukata. Hapana petroli, hapana dawa ya meno. Acha ikauke mu kivuli, hapana ku jua.

Angalia tena nani aliigrave. Disiki yenye mutu aligrave ku nyumba bila kuimaliza kabisa (mu Kifransa banasema «finaliser») inaweza kucheza ku mashine yake, na ingine zote zikaikataa. Muombe mwenye kuigrave aimalize ku mashine yake. Kama hawezi, muombe ingine.

Kama ni lektere

Soma maandiko ku mulango wa lektere. Kama kuna CD tu, haitasoma DVD hata siku moja, juu mwangaza ya CD ni ingine. Lektere ya DVD nayo haisomi Blu-ray. Kama mulango unakataa kufunguka, zima ordinatere, tafuta kale kashimo kadogo ku uso wa lektere, ingiza waya mwembamba ulionyooka, sukuma polepole. Mulango utatoka wenyewe.

Kama ni programu

Hapa njo bantu mingi banakwama. Tangu Windows 8, mu mwaka 2012, Microsoft ilitosha programu yenye kucheza filimu za DVD mu Windows ya kawaida. Ni vile hata ku Windows 10 na 11. Kwa hiyo ordinatere mupya inaweza kuwa muzima kabisa, lektere muzima, disiki muzima, na filimu isianze. Haiko ugonjwa. Inakosa programu.

Dawa yake ni VLC. Ni programu ya bure, kazi yake ilianza mu 1996 na banafunzi ba École Centrale Paris, kule Ufaransa. Haifiki megabaiti 100. Mwana mumoja anaweza kuibeba mu kle USB kutoka duka ya intaneti, na kambi muzima ikaitumia. Chukua ile ya videolan.org, hapana kuikamata fasi ingine. Kisha kuiweka, fungua VLC, bonyeza «Média», kisha «Ouvrir un disque», kisha «Lire». Kama picha iko lakini luga haiko yako, ingia ku «Audio», kisha «Piste audio», uchague Kifransa.

DVD yenye ilitoka mbali

Filimu za kununua zina zoni. Congo iko mu zoni 5. Ulaya ni 2, Marekani ni 1. Ndugu akikutumia filimu kutoka Bruxelles, ordinatere inaweza kukuuliza kubadirisha zoni. Fanya angalisho: lektere inakubali kubadirisha mara tano tu, kisha inafungwa ku ile ya mwisho. Ile DVD tunagawa sisi haina zoni.

Ikisha kucheza

Usingoje. Kopia folda yenye jina VIDEO_TS ku ordinatere na ku kle USB ya giga 8. DVD ya kawaida haipiti giga 4,7, itaingia muzima. Vile, hata disiki ikivunjika, filimu inabakia.

Kama unaenda tu kwa fundi

Kopia kwanza karatasi zako zote: mushahara, kontra, karatasi za hospitali. Uliza bei mbele, iandikwe ku karatasi. Na umwambie wazi: hapana kuformate. DVD kukataa kucheza haiko sababu ya kufuta ordinatere ya mutu. Fundi mwenye kusema ni lazima, beba mashine yako, tafuta mwingine.

Na kama umefanya byote hivi na filimu haianzi, leta disiki kwa delege wa ekipe yako. Tutakubadirishia bila franga. Mwenye hana ordinatere, aulize jirani wake: filimu moja inaweza kutazamwa na nyumba tano. Tunaomba tu itazamwe mbele ya posti ya kwanza ya juma yenye kuja.