Kozi za Ufundi na za Kitaaluma Meru na Embu

Kozi zinazotolewa na vyuo vya kadri katika kaunti za Meru na Embu nchini Kenya ni za aina mbili. Kuna za darasani, kama vile uhasibu, ununuzi na ugavi, ustawi wa jamii na teknolojia ya habari. Kisha kuna za karakana: stima, mabomba, uashi, umakanika wa magari, uchomeleaji, ushonaji, upishi na ususi. Wazazi wengi huzipanga kwa heshima, za afisi juu na za karakana chini. Mpangilio huo hauna msingi wowote katika sheria. Fundi wa stima anaweza kuwa na diploma ilhali karani ana cheti cha chini kabisa. Kinachopima uzito wa kozi ni ngazi yake.

Ngazi zenyewe huhesabiwa kwa nambari. Ya 3 haidai alama yoyote ya KCSE, mtihani wa kidato cha nne. Ya 4, ya fundi wa kawaida, humpokea hata aliyepata D- au E. Ya 5, ambayo wanafunzi huiita kraft, huanzia D, na ya 6, yaani diploma, huanzia C-. Aliyeingia kwa mlango wa chini anaruhusiwa kupanda akishafuzu, bila kurudia mtihani wa kidato cha nne. Jambo hili moja lingejulikana vizuri vijijini, pesa nyingi zinazotumiwa kurudia KCSE zingebaki mfukoni.

Vyuo navyo vina wenyewe tofauti. Vituo vya mafunzo ya ufundi vya vijijini, vilivyoitwa zamani polytechnic za vijiji, vilichipuka mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya Baraza la Makanisa kutoa ripoti mwaka 1966 kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda. Katiba ya 2010 ilivikabidhi kwa serikali za kaunti. Taasisi za kiufundi, kama Nkabune na Kiirua kule Meru, pamoja na chuo cha Jeremiah Nyagah huko Mbeere, Embu, ziko chini ya serikali kuu. Meru National Polytechnic, iliyopandishwa hadhi mwaka 2016, iko chini ya serikali hiyo hiyo na ina orodha ndefu ya kozi za diploma.

Eneo hili lilipoteza vyuo viwili vya kadri kwa sababu ya njaa ya shahada. Chuo cha Teknolojia cha Meru, kilichojengwa kwa harambee ya wakazi, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu mwaka 2013. Chuo cha kilimo cha Embu, kilichofundisha maafisa wa nyanjani kwa miongo mingi, kilifuata njia hiyo hiyo na kuwa Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Shahada ziliongezeka, lakini ngazi ya katikati ikapungukiwa. Taasisi zilizojengwa katika maeneobunge miaka ya karibuni zinajaribu kuziba pengo hilo.

Mfumo wa sasa hupima umahiri badala ya kukariri. Katika kozi ya stima, kwa mfano, mwanafunzi anaweza kupewa ubao, mchoro, taa moja na swichi mbili, aunganishe taa ya ngazi: iwashwe ukiwa chini na kuzimwa ukiwa juu. Mkufunzi hutazama yale ambayo karatasi ya mtihani haiwezi kuyaona. Je, alizima mkondo akahakikisha kwa testa kabla ya kugusa? Waya umechunwa kiasi cha kuingia tundu la skrubu tu, au shaba imebaki wazi? Ule wa kijani na manjano umefika kwenye arthi? Mwishoni hutumiwa mita ya volti 500 kupima kihami cha nyaya, na kipimo kikishuka chini ya megaohmu 1 kazi hurudiwa. Aliyeshindwa haandikiwi kwamba ameanguka. Huandikiwa kuwa bado hajafikia umahiri, naye hupewa nafasi nyingine.

Baada ya darasa huja miezi ya atachmenti, yaani mafunzo kazini. Hapa mahali chuo kilipo huwa na maana kubwa. Viwanda vya chai vya Mungania na Rukuriri kule Embu, au Githongo na Imenti kule Meru, vina boila za kuni, mota na mashine za kukausha majani ambazo hakuna karakana ya chuo inayoweza kuwa nazo zote. Mpakani mwa Mbeere, mto Tana umefungwa kwa mabwawa ya umeme ya Kamburu, Gitaru na Kiambere. Kwa ukanda unaoishi kwa chai, kahawa, maziwa, makadamia, miraa na muguka, kozi za usindikaji wa vyakula na ufundi wa viwandani zilistahili kupiganiwa. Bado neno kilimo humfanya kijana afikirie jembe.

Karo ya vyuo vya umma chini ya serikali kuu iliwekwa kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka, na kuanzia 2018 serikali ikalipa 30,000 kati ya hizo huku HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ikitoa mkopo. Mwaka 2023 utaratibu ulibadilishwa, msaada ukaanza kutegemea hali ya familia. Anayejiunga leo aulize chuo chenyewe, wala asitegemee hesabu za kaka yake.

Cheti hakitoshi katika kazi zote. Fundi wa stima haruhusiwi kisheria kufanya kazi peke yake mpaka apate leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati; leseni hiyo huanzia daraja la C2. Uuguzi, unaofundishwa katika vyuo vya tiba vya KMTC vya Meru na Embu, husimamiwa na baraza lake na hudai alama za juu zaidi, C na kuendelea. Ualimu wa shule za msingi, unaofundishwa Kigari, Egoji na Meru, una utaratibu wake pia.

Wamebaki mafundi wa jua kali, waliojifunza kwa kushika tochi ya mwalimu wao kwenye gereji. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, huwapima kwa madaraja matatu, la III likiwa la chini na la I la juu. Tena tangu 2024 Kenya ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: fundi huonyesha kazi zake, hupimwa kwa vitendo, kisha hupewa cheti cha ngazi inayolingana na anachokiweza. Makanika wa Maua au Runyenjes aliyefungua injini kwa miaka kumi hahitaji kukaa tena darasani kuanza na majina ya spana.